Honi ya Kona ya Manga

Baba alituachia pikapu aliyobebea vinyago vya mawe kutoka Tabaka kwa miaka mingi. Honi yake ilikuwa imekauka sauti, ikikohoa badala ya kulia, na mama aliitambua kutoka mbali. Baba alikuwa akiipiga mara moja kwenye kona ya mwisho kabla ya kwetu Manga, naye mama angeinuka kubandika chai na kufungua lango.

Miezi miwili baada ya kumzika, honi ilianza kulia yenyewe. Ililia pale pale konani nikiendesha, mikono yangu ikiwa mbali na kitufe chake. Mimi nafundisha fizikia na siogopi ovyo, lakini nywele zilinisimama. Nilipofika, lango lilikuwa wazi. Mama alisimama kwenye mvua bila viatu, akitazama kiti kilicho kitupu kando yangu. Mezani aliweka vikombe vitatu.

Alifanya hivyo kila honi ilipolia, hadi siku aliyoteleza kwenye tope akavunjika mkono. Hapo nilikasirika kwelikweli. Nikaapa honi ile itanyamaza.

Fundi wa umeme wa magari mjini Kisii aliufungua usukani.

“Mwalimu, ona. Hii waya imechunika. Ukikata kona sana inagusa chuma, honi inalia.”

Nilicheka mpaka akanishangaa. Wiki zote zile nilikuwa nikiogopa waya!

Akaufunga waya kwa utepe, kisha akaing’oa honi na kuigonga mezani. Vumbi jeupe la mawe ya Tabaka likamwagika kama unga. Akaiunganisha moja kwa moja na betri. Kimya. Akajaribu tena. Kimya.

“Hii imekufa kitambo, mwalimu. Imekuwa ikilia aje?”

Nikamwambia afunge mpya haraka niondoke.

Konani hapakusikika kitu. Lango lilikuwa limefungwa. Nikapiga honi mpya, yenye sauti nyembamba ya furaha, lakini hakuna aliyetoka, nikalifungua mwenyewe.

Mama alikuwa jikoni, mkono wake umefungwa plasta, akimimina chai kwa ule mzima. Vikombe vilikuwa viwili. Nilitaka kumweleza habari za waya.

“Leo umekuja peke yako,” alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia.