Keria ya Festo Kwenye Mteremko wa Ziwa

Mkono wa kushoto wa keria iliyobeba baiskeli nyuma ya gari ulikatika tukiwa kwenye kona, bonde likiwa kushoto kwetu. Nilisikia mlio mmoja mfupi, kama jembe limegonga mwamba. Baiskeli ikaning'inia upande mmoja, gurudumu lake la mbele likaingia chini ya tairi la nyuma, na gari likaanza kuvutwa kuelekea bondeni. Barabara sikuiona tena, niliona vilele vya miti iliyoota huko chini kabisa. Mdogo wangu Kasiani akasema, "Dada, jishike!" akazungusha usukani wote kulia, akaligongesha gari kwenye ukingo wa mlima. Upande uliogonga ni ule aliokaa yeye. Mimi nilipasuka mdomo na mbavu zikaumia. Yeye goti lilisagika.

Naandika safari hii kwa sababu huko Mbinga mnasema Kasiani alikuwa amelewa. Mimi nilikaa pembeni yake tangu tunatoka mpaka tunagonga. Hakulewa. Naitwa Restuta, nalima kahawa, nimesoma mpaka darasa la nne. Nikikosea kuandika mnisamehe, lakini majina ya watu sitakosea.

Mwanzo wa safari ni mdogo wetu mwingine, Editha, aliyeolewa ziwani, mbele kidogo ya Mbamba Bay. Editha ananunua usipa, dagaa wale wa ziwa letu, ufukweni, anaukausha, halafu anaupandisha vijiji vya juu akiwa na beseni kichwani. Mwaka huu shingo yake ikagoma. Alipiga simu akaniambia, "Dada, siku hizi nikigeuka kumtazama mtu, nageuka mwili mzima kama fisi." Tulicheka, lakini nilipokata simu sikucheka tena. Ndani kwangu kulikuwa na baiskeli ya marehemu mume wangu, nzima, inakula vumbi nyuma ya magunia. Editha anajua kuendesha tangu msichana, alikuwa akituacha sisi wote mlimani. Nikasema, hii iende kwake.

Ningeweza kuipakia kwenye basi. Lakini Kasiani alikataa. Yeye ana kigari chake kidogo cheupe, anakodisha kwa watu wa harusi na wagonjwa. "Niwe na gari, halafu baiskeli ya shemeji yangu ikatupwe juu ya basi chini ya matenga ya nyanya?" Basi tukajaribu kuiingiza ndani. Tuliiingiza kwa mbele, tukaiingiza kwa nyuma, tukafungua gurudumu, tukalaza viti. Pedeli ikachana kiti. Kasiani akaitazama ile baiskeli akasema, "Shemeji alinunua baiskeli au alinunua ng'ombe?" Ndipo tukajua tunahitaji keria.

Mjini Mbinga, karibu na stendi, yupo Festo Mapunda anayeuza vipuri vya magari vilivyotumika. Tulimkuta amekaa juu ya tairi anakula ndizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Tunatafuta keria ya baiskeli, ya kigari hiki."

Alikuwa na mbili. Ya kwanza ni ya kufunga juu ya paa. Kasiani aligonga paa la gari kwa vidole, likalia kama kopo. Kigari chenyewe hakina reli za kushikia keria, ingebidi kutoboa, na ukitoboa paa mvua ya Mbinga inakaa na wewe ndani. Halafu mimi ni mfupi, nani angeinyanyua baiskeli ile mpaka juu? Ya pili ni ya kuning'iniza nyuma. Inaegemea mlango wa buti, inafungwa kwa mikanda juu, chini na pembeni, na ina mikono miwili ya chuma inayotokeza nyuma ili kubeba baiskeli. Haitoboi chochote. Kasiani aliuliza maswali ya mtu mwenye akili: baiskeli haitafunika taa? Namba ya gari itaonekana? Bampa haitakwaruzwa? Festo alijibu yote. Mimi nikauliza moja.

"Mbona hii imenipaka rangi mkononi?"

Kweli, kiganja changu kilikuwa na rangi ya fedha, bado mbichi.

"Aa, dada, ni dawa ya kutu hiyo. Mzigo umekaa sana, nimeusafisha kidogo kwa heshima yenu." Akanipa kitambaa nijifute.

Sasa hapa msomaji ambaye si wa kwetu inabidi aelewe jambo. Mbinga, kitu cha kubebea hakiaminiki mpaka kibebe gunia la kahawa. Iwe benchi, iwe ngazi, iwe keria ya pikipiki, hata kitanda cha bwana harusi nimeona wazee wakikitupia gunia kabla hakijatoka kwa fundi. Kikibeba, maneno yamekwisha. Kwa hiyo Kasiani alipokuwa bado anasitasita, Festo hakubishana naye. Aliingia dukani kwa jirani akatoka na gunia limemlemea begani. Keria tayari ilikuwa imefungwa kwenye gari. Akalitundika gunia kwa kamba. Alilitundika kwenye mkono wa kulia.

Watu wakasogea. Laurenti, yule mpiga debe wa stendi mnayemjua wote kwa sauti yake, akaja akaliegemea gunia kwa mgongo, akajitikisa.

"Hii inabeba hata mama mkwe na hasira zake!"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka. Kasiani naye akacheka, akasema basi, imepita. Hakuna mtu hata mmoja aliyesema tuhamishie gunia mkono wa pili, kwa sababu kwetu gunia likishabebwa limebebwa. Festo alijua sisi ni watu wa namna gani.

Asubuhi ya kuondoka ukungu ulikuwa mzito na baridi ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye meno. Kasiani alifunga baiskeli mwenyewe. Alikaza mikanda, akaitikisa, akakaza tena, akafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu ili wa nyuma waone. Tukaaga, tukaomba, tukatoka.

Njia ya kutoka Mbinga naipenda, sitaacha kuipenda kwa sababu ya Festo. Ukungu ulipopanda niliona mashamba ya ngolo kwenye migongo ya milima, mashimo yamepangana kama mtu aliyasuka, na wanawake wameinama humo na majembe, migongo yao inatoa mvuke. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva. Tulisimama mara kadhaa, si kununua kitu, ni Kasiani kushuka kukagua mikanda. Mara ya mwisho nilimwambia, "Baba, baiskeli haitatoroka." Akasema, "Dada, nyuma yangu kuna watu." Aliendesha polepole mpaka ikawa aibu. Lori la mkaa likatupita, utingo akatoa kichwa akapiga kelele, "Nyie mnakwenda harusini au mnasindikiza jeneza?" Kasiani akampungia mkono. Sasa niambieni, mlevi ndivyo anavyoendesha?

Baada ya hapo barabara ilianza kushuka. Hewa ikabadilika, nikavua sweta. Kuna mahali ziwa linatokea ghafla kati ya milima, bluu tupu, halina mwisho, na mtu wa milimani ukiliona unanyamaza hata kama umeliona mara mia. Kona iliyofuata ndiyo ile niliyowaeleza.

Upande wa Tingi ndiko tulikookolewa. Mama mmoja, Mama Anjela, alikuwa shambani kwake juu ya barabara. Aliteremka mbio na jembe mkononi akiita watu kwa Kimpoto, na watu wakaja. Kasiani hakuweza kutolewa kwa mlango wake, ulikuwa umebonyea, wakamvuta kupitia upande wangu. Akawa anasema tu, "Dada yuko wapi? Dada mzima?" nami nipo nimemshika kichwa. Wanaume wakang'oa mlango wa banda la mbuzi, wakamlaza juu yake, wakampeleka kivulini. Mama Anjela akanipa maji ya kusukutua damu mdomoni, akanivua viatu, sijui kwa nini, akanifuta miguu kama mtoto.

"Poleni, mama yangu. Mungu amewaacha hai. Hapo chini huwa haturudishi watu wakiwa hai."

Wakati tunangoja gari la kumpeleka hospitali, watoto wakaokota vipande vya keria na baiskeli barabarani wakavirundika karibu nami. Nikauona ule mkono wa kushoto. Sisi wakulima tumevunja majembe mengi, tunajua chuma. Chuma kikivunjika leo, ndani kinang'aa. Ule ulikuwa mwekundu kwa kutu karibu wote, sehemu ndogo tu pembeni ndiyo ilikuwa inang'aa. Na pale penye ufa, nje, rangi ya fedha ilikuwa nene kuliko kwingine kote. Imejazwa humo kama udongo kwenye ufa wa nyumba.

Nilimwonyesha Mama Anjela. Aliugeuzageuza.

"Huu haukuvunjika leo," akasema. "Leo umemalizikia tu. Nani kawapa?"

Nikamtajia. Akautia ule mkono kwenye mfuko wa sandarusi, akaufunga, akaniwekea mapajani. "Huu usiuache barabarani."

Mbamba Bay tulifika kwa gari la wasamaria, Kasiani akalazwa. Editha alikuja hospitali na mkeka, sufuria na usipa wa nyanya, akatulisha sote wodini, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hatukumjua. Dirishani ziwa lilikuwa linaonekana, na watoto wanaoga. Kasiani hakutaka kulitazama. Goti walilifunga, wakasema litapona ila halitakunjika kama zamani. Mguu ule wa kulia ndio wa breki.

Siku ya pili aliniuliza, taratibu, Editha akiwa nje.

"Dada, ule mkanda wa juu, niliupitisha mara mbili?"

"Uliupitisha."

"Nadhani niliupitisha mara moja."

Nikautoa ule mkono wa chuma kwenye mfuko, nikamwekea kifuani. Nikamwonyesha kutu, nikamwonyesha rangi. Aliutazama, halafu akageukia ukutani.

"Mzigo ungekuwa umefungwa vizuri usingecheza hivyo, Dada. Mimi ndiye niliyefunga."

Editha alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Akasema, "Kaka, mimi shingo inauma tu. Ningejua ningebeba beseni mpaka nife." Kasiani akamgeukia akamgombeza, "Nyamaza, hujanifanya kitu wewe!" Mtu anayejua kuwaondolea wengine lawama, yeye mwenyewe anazikumbatia.

Kurudi Mbinga nilipanda basi, nikiwa nimekumbatia ule mfuko. Kasiani alibaki kwa Editha mpaka aweze kukaa safari nzima. Basi lilipopita ile kona niliona alama nyeupe kwenye mwamba, na abiria mmoja akamwambia mwenzake, "Hapa ndipo yule mlevi wa Mbinga alipogonga." Ndipo nikajua kuwa maneno yamefika kabla yetu. Stendi nikamkuta Laurenti. Ndiye anayeyasema. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Kasiani alinuka pombe ya ulanzi asubuhi ile, mimi nilikuwapo." Nikamwambia, "Laurenti, asubuhi ile ulikuwapo wapi? Wewe ulikuwapo siku ya gunia." Akaanza kuita abiria wa Songea kwa sauti kubwa.

Dukani kwa Festo niliweka ule mkono juu ya meza yake. Sikumpa salamu.

"Dada, poleni sana. Nimesikia."

"Huu ufa uliuona?"

"Dada, mlipima wenyewe. Gunia lilitundikwa mbele ya watu. Mashahidi wapo."

"Lilitundikwa na wewe. Kulia. Uliokatika ni wa kushoto."

"Sasa mngesema tupime na kushoto. Mimi ningekataa?"

"Rangi nani alipaka?"

Akasema vitu vyake vinatoka mbali, yeye havifungui, yeye anauza tu. Nikamkumbusha kwamba rangi ilikuwa mbichi, ilinipaka kiganja, na alinipa kitambaa mwenyewe. Rangi ya kutoka mbali inafikaje Mbinga ikiwa mbichi? Akaangalia nje. Akasema ana mteja.

Nilichojifunza nitawaambia, hasa ninyi wenye vigari vidogo. Ya nyuma si mbaya, ya juu si mbaya. Ila kabla hujaichukua, kwaruza rangi yote kwa msumari mpaka uone chuma, hasa pale mikono inapounganishwa. Tundika mzigo kila mkono. Halafu utikise huo mzigo, upande gari, upite kwenye matuta, urudi. Gunia la kahawa linatulia mahali pake. Baiskeli njia nzima inavuta na kurusha. Wazee wetu walipima kwa gunia kwa sababu walibeba magunia. Sisi tulibeba kitu kingine tukapima vilevile.

Kasiani amesharudi. Anakaa barazani kwake, mguu umenyooshwa kwenye kigoda. Harusi mbili zimepita, watu wamekodi gari la mwingine, na wakipita wanamsalimia haraka kama mtu mwenye ugonjwa. Usiku na mchana anamuuliza mkewe kama kuna mkanda unaoweza kufungwa vibaya bila mtu kujua.

Kwa hiyo, Festo Mapunda, sikuiti polisi na sikuiti kanisani. Nakuita kwenye baraza ile. Njoo mchana, watu wakiwa njiani, Laurenti aje nawe. Ukae mbele ya mtu aliyegeuza mwili wake kwenye mwamba ili mimi nisife, umwambie kwa mdomo wako kwamba mikanda aliifunga sawasawa, na kwamba ufa uliujua. Mkono wa keria uko kwangu. Usipokuja wiki hii, nitauleta mimi kwako siku ya soko na nitakuuliza hapo hapo dukani, mbele ya kila mteja: ulipopaka rangi ile, ulifikiri ndani ya lile gari watakaa akina nani?