Shuka Jeupe la Bibi

Kiyoyozi changu kimekufa mchana huu, hapa hapa Merrylands, ughaibuni tulikokulia. Nimelowesha shuka, na harufu ya pamba iliyolowa imenirudisha utotoni.

Siku moja ya joto kali, kiyoyozi cha nyumbani kilikuwa kibovu na fundi haonekani. Hata kuta zilikuwa za moto. Mdogo wangu mchanga alikuwa ameacha kulia, amelegea tu. Vitenge alivyolowesha mama vilikauka upesi. Basi Bibi akafungua begi alilotoka nalo kambi ya wakimbizi, akatoa shuka jeupe tulilokatazwa kuligusa, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya barafu.

Mama akapiga yowe. “Mama! Si ulisema tutakuzika na hilo?”

Kumbe kambini Bibi aliona watu wakizikwa kwa vipande vya turubai, akaapa yeye hatazikwa hivyo.

“Mimi nimekufa?” Bibi aliuliza, huku akimfunika mtoto. “Anayekufa ni huyu.”

Mtoto akashtuka, akalia kwa nguvu. Bibi akacheka, akanikamulia pindo la shuka kichwani. Nilikimbilia nje juani nikipiga kelele, meno yakigongana kwa baridi.