Kichaa au Jino

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nyumbani kwetu mbwa akipita barazani, baraza hupigwa maji, na marehemu babu alikuwa akisimamia mwenyewe upigaji huo. Serikali ikaniangalia, ikatafakari, ikanipangia kazi ya mifugo Mbinga, kwa nguruwe. Ng'ombe na mbuzi walikuwepo, lakini simu za asubuhi zilikuwa za nguruwe: amekataa kula, amezaa na kulala juu ya watoto, amevunja banda na yuko kwenye kahawa ya jirani. Nikazoea. Nilipokwisha kuzoea wakanihamisha, nikateremka na mabegi yangu kupitia Tingi hadi mwambao wa ziwa, kata ya Lundo, ambako nguruwe walipungua na mbwa wakaongezeka. Mama alipiga simu kila Ijumaa kuuliza wiki hiyo nimeshika nini. "Ng'ombe, mama," nilimjibu, na yeye akashukuru.

Cheo changu ni afisa mifugo wa kata. Watu wananiita daktari na sijawahi kupata muda wa kuwasahihisha. Nayajua matumbo ya ng'ombe, najua minyoo, najua kuchanja kuku mia kabla chai haijapoa. Meno ya mbwa chuoni tulifundishwa nusu mchana, kwa fuvu moja la mbwa lililokuwa limepoteza taya la chini, kwa hiyo hata hayo tuliyofundishwa yalikuwa ya juu tu. Mwalimu alituambia tusijali, hakuna Mtanzania atakayetuita kutibu jino la mbwa.

Asubuhi moja mtendaji wa kijiji akanipigia. "Daktari, tuna mbwa kichaa huku. Mgambo ameshafika na rungu. Njoo uthibitishe tu, tummalize."

Nilipenda hilo neno "tu". Nikachukua mkoba wangu, nikapanda pikipiki.

Nilikuta uwanja umejaa. Mwenye mbwa alikuwa bibi mmoja mjane, mtu wa umoja wa akina mama kanisani, mwembamba, mwenye macho ya kukuhesabu. Alikuwa amekaa kizingitini mwa jiko lake, na nyuma yake, amefungwa kwenye nguzo, alikuwepo mtuhumiwa. Nikamsalimu, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," bila kuinuka, maana angeinuka mlango ungebaki wazi.

Huyo mbwa hakuwa pambo. Bibi alikuwa na shamba la muhogo pale kilima kinapoanzia, na kilima chote kile ni cha ngedere na nguruwe pori. Mbwa wake wa kwanza alipokufa, aliniambia siku nyingine, mwaka ule alipanda yeye na wakavuna wao. Huyu wa sasa ndiye aliyekuwa akilala shambani muhogo ukikomaa. Akiuawa leo, ugali wa mwakani umeuawa naye, na kila aliyesimama pale alilijua hilo.

Lakini dalili zilikuwa mbaya. Mbwa alitokwa na udenda mpaka kifuani. Siku kadhaa alikuwa akichukua chakula na kukiangusha. Mjukuu wa bibi alipotaka kumfuta uso alimrukia, meno yakanasa kwenye gauni. Bahati yake, ngozi haikuguswa. Chanjo nilikuwa nimemchoma mimi mwenyewe mwaka uliotangulia, lakini watu wa pale waliiona dawa yangu ikija kwenye boksi la barafu lililofungwa kamba nyuma ya pikipiki, juani, na imani yao ikaishia kwenye kamba.

Aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote ni jirani wa bibi, ambaye pia ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mzee wa kanisa, shati limenyooshwa, amesimama mbali kabisa na mbwa. Kati yao kulikuwa na mpaka wa shamba, na juu ya mpaka huo kulikuwa na jina la mbwa. Sitalitaja. Kule watu humpa mbwa jina la kumfikishia jirani ujumbe, na la huyu lilikuwa sentensi nzima, iliyoitwa kwa sauti kubwa kila jioni kuelekea nyumba ya shemeji. Mhusika yuko hai na anasoma.

"Huyu ni kichaa," alisema shemeji. "Watoto wanapita hapa kwenda shule. Mnangoja nini?"

Mimi si shujaa. Nilisimama pale uoga wangu uliponiruhusu, nikaomba bakuli la maji lisukumwe kwa fimbo ndefu. Mbwa mwenye kichaa maji humshinda kumeza. Huyu aliyaangalia, akasogea, akanywa, shingo ameipinda upande mmoja kama mzee anayesikiliza redio mbovu. Alipogeuka nikaona chini ya jicho la kushoto uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Hapo lile fuvu lisilo na taya likanirudia. Chini ya jicho ndipo inapokaa mizizi ya lile jino kubwa la juu, la kukatia mifupa. Jino likipasuka, usaha hupanda huko huko.

"Huyu anaumwa jino," nikasema.

Mtendaji alinitazama kwa huruma. "Daktari, hata mimi naumwa jino, na sijamrukia mtu."

Watu wakacheka. Nikaeleza kwamba jino lile halivunjwi na ugali wala na mifupa ya samaki. Ili livunjike, mbwa lazima awe ameng'ata kitu kigumu kwa nguvu zote. Nani anajua aling'ata nini?

Nimeishi na wagonjwa wasioongea miaka yote hii, nakijua kimya cha asiyejua na cha anayejua. Bibi aliangalia miguu yake. Shemeji, aliyekuwa na maneno tangu nifike, akaanza kukagua vifungo vya shati lake. Nyuma watu walinong'ona kwa Kinyasa, ambacho nakielewa zaidi kidogo ya wanavyodhani, lakini hicho kidogo hakikunisaidia.

"Kama hakuna maelezo," mtendaji akasema, "mgambo afanye kazi yake."

Nikapandwa na hasira. Sikumpenda yule mbwa. Jino lake lilinuka mpaka nilipokuwa nimesimama. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimekaribia kujua. "Mkono wangu siuingizi kwenye kinywa hicho kwa kubahatisha," nikawaambia. "Kama ni kichaa, nitakufa mimi. Aliyekiona kitu kilichovunja hilo jino aseme sasa, au mseme wazi mnataka afe, nirudi nyumbani nikale."

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Mwaka mzima shemeji alikuwa akilalamika kwamba mayai yake yanaibwa na mbwa wa bibi. Akalifikisha jambo hilo mpaka kwa wazee wenzake wa kanisa. Bibi akaitwa, akasimama, akaapa mbele ya mchungaji kwamba mbwa wake havuki mpaka. Akaaminiwa. Aliyekemewa akawa shemeji, kwa kumsingizia mjane, na kwa muda akakaa viti vya nyuma ibadani. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini safari hii maradhi yalikuwa ya mmoja na kifo kilikuwa cha mwingine.

Bibi akainuka. Hakusema kwa Kinyasa. Alisema kwa Kiswahili, kwa mtendaji, taratibu, ili hata mimi mgeni nisikose neno.

"Anaiba mayai. Ya shemeji yangu."

Mtendaji akamuuliza tangu lini.

"Tangu aanze kukua. Moja analila huko huko. Jingine ananiletea mimi, mdomoni, bila ufa."

"Na wewe unalifanyaje?"

"Nakaanga."

Hakuna aliyecheka. Vidole vya bibi vilikuwa vikikunja pembe ya kitenge na kuikunjua, na kuikunja tena. Mama mmoja wa umoja wao alifunika mdomo. Bibi akamalizia: "Siku ya mwisho alirudi bila yai, damu mdomoni. Tangu siku hiyo hajala. Alichong'ata sikijui. Alipong'atia napajua."

Watu wote wakamgeukia shemeji. Mtu aliyethibitishwa kwamba alikuwa na haki mwaka mzima angepaswa kufurahi. Alionekana kama aliyemeza kitu.

"Kuna jiwe," akasema.

Lilikuwa jeupe, la ziwani, la mviringo, mawimbi yamelilainisha. Alilitafuta mwenyewe ufukweni, akalipaka kiini cha yai, akaliweka kwenye kiota. Alitaka mwizi akome. Asubuhi yake alilikuta limeviringishwa mpaka uani na chembe ya jino pembeni.

"Kwa hiyo ulijua," nikamwambia. "Tangu tunaanza hapa, mzee wangu, ulijua."

"Ningesema nini, Daktari? Wangesema nimemtegea mjane mtego."

Nilitaka kumjibu kwa lugha ya Tanga, ambayo kwa mambo ya namna hiyo ni tajiri, lakini mtendaji alikuwa ameshampa mgambo ishara aweke rungu chini. Nikatangaza kwamba nitang'oa, na kwamba hata nikishang'oa mbwa atabaki amefungwa na kuangaliwa siku zake zote za tahadhari. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyewahi kung'oa.

Koleo niliazima kwa fundi pikipiki, na bisibisi bapa, tukavichemsha kwenye sufuria ya bibi. Nikavaa glavu mbili mbili. Dawa ya usingizi niliichoma pajani kupitia upenyo wa mlango, na alipolegea tukamlaza kwenye gunia. Niliuliza nani atashika taya. Wanaume wa pale, wanaoingia ziwani na mawimbi ya kutisha, walikumbuka nyavu zao. Akaja shemeji. Akakunja mikono ya lile shati lililonyooshwa, akapiga magoti, akashika taya la juu kwa kamba. Bibi akashika la chini. Hawakuangaliana.

Jino lilikuwa limepasuka katikati, kipande cha nje kikining'inia kwenye ufizi. Hicho kilitoka kwa ihsani yake. Kilichobaki kilikuwa na mizizi isiyotaka kusikia habari. Nilichokonoa kwa bisibisi, nikatikisa, nikavuta, nikatikisa tena. Jasho liliingia machoni na nilimlaani mwalimu wangu, fuvu lake, na aliyepoteza lile taya. Mzizi wa kwanza ulipotoka usaha ukaufuata, na harufu yake ikawarudisha nyuma watu wote isipokuwa wale wawili, ambao hawakuwa na pa kurudi. Shemeji alifumba macho, midomo ikimwenda. Sijui aliomba au alitukana. Mzizi wa mwisho ulipotoka, nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka peke yangu.

Bibi aliniletea ndoo ya maji na kata ya mchanga safi wa ufukweni. Sikuwa nimemwambia. "Nyie Waislamu mnaosha mara saba," akasema, "na mara moja kwa udongo. Alikuwepo mwalimu wa kwenu hapa zamani." Akanimiminia mpaka nikamaliza, na mimi nikaona haya kwamba miaka yote ile nilikuwa nikimdanganya mama yangu kuhusu ng'ombe.

Mbwa alianza kutikisa mkia kabla hajafungua macho. Nikatoa maelekezo yangu kwa mazoea, huku nikifunga mkoba: sindano kesho na keshokutwa, asipewe mifupa, apewe vitu laini. "Uji. Dagaa wa usipa waliopondwa. Na mayai."

Niligundua nilichosema nilipoona mgambo anamtazama shemeji.

"Mayai," akasema shemeji. "Atayapata wapi?"

"Anajua mwenyewe yalipo," akajibu bibi.

Mgambo ndiye aliyeanza kucheka, kisha mtendaji, akishika shavu lake lenye jino. Shemeji hakucheka. Aliinuka, akakung'uta magoti, akavuka mpaka kwenda kwake, na nikafikiri basi, yamekwisha vibaya. Akarudi na mayai mawili. Akainama, akayaweka mapajani mwa bibi, moja baada ya jingine.

"Hili lake," akasema. "Hili lako."

Bibi aliyapokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipolia.