Glasi ya Mdogo Hukaa Chini

Fundi Muhittin alishona mifarishi ya pamba hapa Ayvalık, pwani ya Uturuki, kwa miaka arobaini. Kila Jumamosi, jua likianza kulegea, aliketi kwenye kilabu cha Bedri kunywa raki, ile pombe kali ya anisi, na mdogo wake Rasim, nami jirani yao nikiwa nao. Muhittin alikuwa mtu wa utaratibu. Raki kwanza, kisha maji, mpaka glasi igeuke nyeupe kama maziwa, barafu mwisho. Jibini, kipande cha tikiti, na maongezi. Aliyegugumia aliambiwa, "Bwana, kama una kiu, bomba lile pale."

Na mkigonganisha glasi, ya mdogo hukaa chini ya ile ya mkubwa. Hata walevi wanalijua hilo.

Jumamosi moja, binti yake Rasim akiwa ametoka kuposwa, Rasim aliinua glasi kwa furaha, ikapita juu ya ile ya kaka yake.

"Shusha," alisema Muhittin.

"Aa, kaka! Leo mimi ni baba mwenye harusi. Niache niwe mrefu siku moja tu!"

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, na najuta. Muhittin aliiweka glasi mezani bila kuionja, akaondoka.

Miaka sita hawakusemezana, na kati ya nyumba zao palikuwa na duka la mkate tu. Harusi ilipita bila Muhittin. Rasim alituma watu kuomba radhi. Jibu lilikuwa lile lile: ndugu yake amemdharau mbele za watu. Nimewafundisha watoto wa watu heshima maisha yangu yote, na nasema bila kuficha: ile haikuwa heshima tena. Ilikuwa kiburi.

Jumanne moja Saadet, mke wa Rasim, aliingia karakanani kwa Muhittin nikiwepo.

"Shemeji, madaktari wamemrudisha nyumbani, hawana la kufanya tena. Anakuita. Anasema hata iwe glasi ya maji, ataishika chini."

Muhittin hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Mwambie Jumamosi. Siku yetu ni Jumamosi."

"Ugonjwa haujui Jumamosi, shemeji."

"Nitakuja na chupa, Saadet. Tutakaa kama inavyopasa."

Jioni ile ile nilimwona sokoni akinusa matikiti, moja baada ya jingine, akitafuta lililoiva vizuri. Alitaka kwenda. Miguu yake tu ndiyo iliyokuwa ikingoja siku.

Rasim alifariki Alhamisi. Tulimzika Ijumaa baada ya sala.

Jumamosi Muhittin alikuja kwa Bedri na chupa yake kwapani.

"Glasi mbili, Bedri."

"Fundi, leo nenda kapumzike."

"Nimesema mbili."

Alimimina raki, akaongeza maji, zote mbili zikawa nyeupe. Akaisogeza ya Rasim mpaka pembeni kabisa mwa meza, kitako kikichomoza nje kidogo. Kisha akainamisha mgongo wake wa uzee, akashusha glasi yake chini ya ubao wa meza, akaipandisha polepole mpaka ukingo wake ukagusa kitako cha ile nyingine. Raki ikamwagikia magotini.

"Haya, mrefu," alisema. "Haya, nimeshuka."

Alikaa hivyo, ameinama. Barafu Bedri alikuwa ameileta, lakini hakuna aliyeitia.