Keki ya Ghorofa Nne na Taa Nyekundu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaoka keki za harusi katika chumba kilichokuwa gereji ya nyumba yetu. Ana miaka arobaini na tisa na miguu mifupi, na kila mkono una kovu la moto juu kidogo ya kiganja, kwa sababu kwa miaka kumi na sita amekuwa akiingiza mikono kwenye oveni ile ile. Aliinunua kwa mtu aliyefunga duka la mikate. Wanaume sita waliisukuma kuingia, na ilibidi fundi abomoe kingo za mlango ndipo ipite. Upande wa kushoto unaunguza, kwa hiyo wifi huzungusha trei kila baada ya dakika kumi na mbili, bila saa, hata akiwa katikati ya maneno. Mume aliwahi kuwa naye, lakini habari zake hazizungumzwi nyumbani kwetu. Oveni hiyo imesomesha watoto wawili mpaka chuo, na mmoja wao ni wangu mimi.

Kichwani hana majina ya wateja. Ana tarehe. Mtu akipiga simu akaanza kujieleza yeye ni nani na ametumwa na nani, wifi anamkatiza: "Harusi yako tarehe ngapi?" Ukimtumia pesa kwa simu, pale pa kumbukumbu unaandika tarehe ya harusi, basi, ameshakujua. Tukikutana na mtu njiani ananinong'oneza, "Yule mama ni tarehe kumi na tisa, ghorofa tatu, hakutaka karanga." Mimi huwa nacheka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa tunapeleka keki ya ghorofa nne, nyeupe, na maua ya sukari yaliyomchukua wifi siku tatu. Gari lake ni dogo, viti vya nyuma vimeng'olewa. Kazi yangu ni kukaa sakafuni huko nyuma, miguu nimeitanua, na kushika ubao wa keki kwa mikono miwili. Nilikuwa nachungulia mbele katikati ya viti kama kawaida yangu, kwa sababu siwezi kupanda gari bila kutazama barabara. Niliona taa ikigeuka njano tukiwa karibu mno. Keki ya ghorofa nne haivumilii breki ya ghafla. Ghorofa ya juu inasogea, ya pili inapasuka, na baada ya hapo unapeleka uji. Nikasema, "Wifi, usikanyage." Ni mimi niliyesema. Hakukanyaga. Taa ilikuwa imeshakuwa nyekundu tulipopita, na kamera ya barabarani ikatumulika.

Keki ilifika imesimama.

Karatasi ya faini ilikuja baada ya wiki moja, elfu thelathini. Wifi aliilipa siku hiyo hiyo kwa simu, vidole vimejaa unga. Nilimwona kwa macho yangu. Akaitupia karatasi kwenye droo ya vibomba vya kupambia keki, akarudi kwenye bakuli lake.

Mwezi wa tatu baada ya hapo zikaanza bahasha za kampuni ya kukusanya madeni. Wifi alisoma ya kwanza mstari mmoja, akasema ni matapeli, kwani yeye ameshalipa. Ya pili hakuifungua, aliiweka chini ya mguu wa mzani uliokuwa unayumba. Ya tatu niliisoma mimi. Sikusoma sana shule, lakini "kukamata mali" naelewa maana yake.

"Wifi, hawa watu wanasema watachukua vitu."

"Wewe unaogopa hata kivuli cha kikombe."

"Basi wapigie tu uwasikie."

"Nikimpigia tapeli si ndio namfungulia mlango? Nipe hilo yai."

Wakaja Jumanne, wawili, saa nne asubuhi. Mmoja alibeba daftari. Mwingine alikuwa mnene wa kiuno, suruali inang'aa kwa kupigwa pasi mara nyingi, na ukucha wa kidole kidogo ameufuga, mrefu, wa njano. Hakubisha hodi. Aliingia mpaka katikati ya chumba na viatu vyake vya barabarani, mahali ambapo hata mume wangu huvua ndala. Akaufungua mlango wa oveni, akaucheki kwa kuupigapiga kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mama, deni ni laki moja na elfu kumi. Lilikuwa dogo, ninyi wenyewe mmelilea likakua."

"Nimelipa mimi," wifi akasema.

"Wote mnasema hivyo. Mfu peke yake ndiye hajaniambia amelipa." Akacheka, akamgeukia mwenzake. "Andika. Oveni moja, milango miwili. Mashine ya kukorogea, moja. Hii mizani hata dalali hataitaka."

Nilikuwa namfuata kwa macho kila alichogusa, ili baadaye nikifute. Aligusa kopo la unga. Aligusa taulo. Juu ya meza palikuwa na keki ya ghorofa moja, wifi amemaliza kuilainisha krimu, laini kama kioo, ya kuchukuliwa saa sita. Yule mtu akapitisha kile kidole, chenye ule ukucha, ubavuni mwa keki. Akakilamba. Akakitazama, akakirudisha tena kuchota.

"Si mbaya," akasema. "Sukari imezidi kidogo. Ijumaa saa nne nakuja na gari na vijana. Mkiwa na hela, sawa. Mkiwa hamna, oveni inaondoka."

Nimelea watoto wanne, nimefuta matapishi na mengine, na sijawahi kuona kinyaa kama kile. Si kwa sababu ya uchafu tu. Ni jinsi alivyokuwa ametulia. Alilamba kama mtu aliye kwake.

Walipotoka tu, wifi alirudi mezani. Alichukua kisu bapa, akaikomba krimu yote, akaitupa, halafu akaitupa na keki yenyewe. Akapasua mayai mengine. Akadondosha ganda kwenye bakuli, kitu ambacho sijawahi kukiona. Jumamosi alikuwa na harusi mbili. Bila oveni angerudisha pesa za watu ambazo ameshanunulia unga na sukari, na habari za mwokaji aliyerudisha pesa zinafika kila kanisa na kila ukumbi kabla ya jioni.

"Wifi," nikamwambia, "nipe simu yako."

Nilikaa kwenye gunia la sukari nikaanza kurudi nyuma kwenye ujumbe wake, mmoja mmoja, miezi mitatu na zaidi. Mimi nikisoma nasoma polepole, na hiyo siku ilinisaidia. Nikaupata. Elfu thelathini, zimepokelewa na ofisi ya faini za barabarani. Alikuwa amelipa kweli. Lakini kwenye nafasi ya kumbukumbu, palipotakiwa ile namba ndefu ya kwenye karatasi, palikuwa na tarehe. Tarehe ya ile Jumamosi.

Nikamwonyesha.

"Ndiyo harusi yenyewe," akasema. "Kwani wangejuaje ni ya nini?"

Alikuwa hatanii. Kwake yeye pesa isiyo na tarehe ya harusi haina mwenyewe.

Jumatano asubuhi tulikuwa kwenye ofisi ya faini. Ukuta wa pale dirishani umeota weusi wa mafuta kwa urefu wa vichwa vya watu walioegemea wakingoja. Msichana wa dirishani alikuwa anakula embe kwa wembe, maji ya embe yanatiririka kwenye kibodi, na hakututazama mpaka alipofika kwenye kokwa. Alipotutazama akatafuta, akapata. Pesa ilikuwepo muda wote huo, imelazwa kwenye orodha ya malipo yasiyojulikana ni ya nani.

"Hii namba ni nini, mama? Siku ya kuzaliwa?"

"Harusi," wifi akasema.

"Harusi ya nani?"

"Ya mteja. Ndiyo keki tuliyokuwa nayo."

Msichana akaita wenzake. Wakaja watatu, mmoja na kikombe mkononi, wakainamia kioo cha kompyuta wakacheka mpaka yule wa kikombe akamwaga. "Mama amelipa faini kama mchango wa harusi," mmoja akasema. Wifi alisimama wima, mkoba kifuani, akiwatazama kama anavyotazama keki isiyoumuka. Mimi nilikuwa nauona uso wangu kwenye kioo cha dirisha na nilitamani kuugeuza. Miezi mitatu pesa yetu imelala pale, na hawa walikuwa na namba ya simu iliyoituma. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua simu. Kutukabidhi kwa wakusanyaji wameweza, simu moja imewashinda.

Wakapiga muhuri karatasi. Faini imelipwa, nyongeza ya kuchelewa imefutwa.

"Ila ada ya wakusanyaji inabaki," msichana akasema. "Faili lilishatoka kwetu. Hiyo mkaongee nao."

"Shilingi ngapi?" nikamuuliza.

"Elfu thelathini na tano."

Zaidi ya faini yenyewe. Kwa kulamba krimu.

Usiku huo wifi alitoa pesa za siagi ya Jumamosi. Nilimwambia tugome, twende kwa mwanasheria, na yeye akaniuliza, "Mwanasheria yupi, wifi? Wa Ijumaa saa nne?" Hata mimi niliposema nilikuwa sijui mwanasheria anapatikana mtaa gani.

Alhamisi tukapanda ngazi za ofisi yao, juu ya duka la viatu. Kwenye ujia wamepanga vitu vya watu. Cherehani, na uzi mwekundu bado uko kwenye sindano. Friji limeachwa wazi, linanuka samaki wa mtu. Kitanda cha mtoto mchanga, cha mbao, kimebandikwa karatasi ya namba. Nilisimama pale kwenye kitanda. Nilijiuliza walipokichukua mtoto walimweka wapi, na ni nani aliyemwinua. Wifi akanivuta mkono.

Yule mtu alikuwa mezani, miguu nje ya viatu, anajichokoa meno kwa ule ukucha. Alisoma karatasi yenye muhuri, akahesabu elfu thelathini na tano mara mbili kwa kulowesha kidole mate, akaandika risiti. Wifi aliisoma risiti neno kwa neno, kisha akamfanya alifute jina lake kwenye orodha ya Ijumaa mbele ya macho yetu. Alifuta. Oveni ikabaki yetu.

Tulikuwa tumeshafika mlangoni aliposema, "Mama keki, ngoja kwanza. Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Ile yenu nilionja, nikampigia simu siku hiyo hiyo nikamwambia nimepata mtu."

Nikajua wifi atamtemea mate. Nilisogea pembeni ili nisiwe katikati.

"Tarehe ngapi?" wifi akauliza.

"Tarehe nane. Ghorofa tatu. Ila unipunguzie, tumeshakuwa kama ndugu."

"Ndugu zangu wanalipa yote kabla. Wewe utalipa yote kabla, na elfu thelathini na tano juu yake."

Alikenua. Akazihesabu zile zile tulizompa, akaongeza na nyingine nyingi, zote kwa mate yale yale, na wifi akazipokea akazitia kwenye mkoba.

Karibu na nyumbani akaniambia, "Bibi harusi hajanikosea, wifi. Na Jumamosi nataka siagi." Nikamjibu najua. Kweli nilijua. Ndicho kilichonichukiza zaidi, kwamba hata mimi pale mlangoni, kabla hajafungua mdomo, nilikuwa nimeshapiga hesabu ya ghorofa tatu.

Ijumaa saa nne oveni ilikuwa inawaka, sehemu zote mbili. Wifi alizisawazisha keki za kesho kwa kisu chake cha meno kama msumeno, na vile vichwa vinavyokatwa juu akaviweka kwenye sahani kama kawaida, vya moto bado, wanangu wakavigombania. Akanisogezea kipande. Nilikiweka mdomoni, nikazikumbuka zile noti za mate, nikashindwa kukimeza, nikatoka nje kukitema kwenye maua ili asinione.