Kuku Tuliyemtupia Simba

Ipo siku moja isiyotaka kunitoka kichwani, mwanangu, na haijatimiza hata mwezi tangu ipite. Najua bado sijakuzaa. Nina miaka kumi na saba, nasubiri matokeo ya kidato cha nne, na mtu akilifungua daftari hili mahali hapa nitatamani kujificha chini ya kitanda. Lakini nimeona watu wakishakuwa wazazi hukumbuka makosa ya watoto wao tu, ya kwao huyasahau. Hili langu naliandika likiwa bado bichi.

Baba alikuja nami Guangzhou, huku Uchina, nimsaidie kuchagua viatu kule soko la Liuhua, maana macho yake siku hizi yanachoka upesi. Hotelini nilikuwa na kitabu kimoja tu, cha historia ya Warumi, alichonipa mwalimu wangu tulipoagana. Nilikisoma mara mbili. Askari wao walibeba nafaka mgongoni, wakaisaga wenyewe kambini, wakala mkate na uji mzito, wakanywa maji yaliyotiwa siki. Kwa chakula hicho cha kimaskini waliteka nchi za watu. Baadhi ya mateka waliletwa mjini wauane uwanjani, umati ukitazama. Na simba, mwanangu, simba wengi walitolewa kule kwetu Afrika, wakapakiwa melini wakiwa hai. Asubuhi wanyama, adhuhuri waliohukumiwa kufa, alasiri wapiganaji wenye panga. Na watu wamekaa, wanakula. Hapo kwenye kula ndipo nilipofunga kitabu. Niliandika humu kwamba wale hawakuwa binadamu. Nilijiona msafi kweli.

Jumapili yake bosi wa kiwanda kinachomshonea Baba sandali akatualika kwenye bustani ya wanyama nje ya mji. Sisi tunamwita Laoban, kama mabosi wote wanavyoitwa huku. Tulikuwa yeye na mkewe, Baba, mimi, na Mama Nassor, mfanyabiashara wa Unguja aliyekaa huku mpaka Kichina cha sokoni anakijua. Baba alikuwa bado hajaambiwa kama sandali zake za sikukuu zitashonwa kwa wakati, na njia nzima alinikumbusha: "Mwanangu, tabasamu. Huyu tukimuudhi tumekwisha."

Tukapanda basi lenye nondo madirishani. Mke wa Laoban akatugawia mbegu za alizeti. Tulipofika kwa simba, basi likasimama, na mhudumu akaja na mwanzi mrefu, kuku mzima ananing'inia kwenye kamba, miguu imefungwa. Laoban akalipa, akanishikisha mwanzi.

"Rafiki! Wewe!" akasema, kwa Kiswahili alichokiokota kwa wateja wake.

Abiria wote wakapiga makofi. Nikamtazama Baba. Alikuwa anatabasamu. Mama Nassor akapiga kigelegele. "Haya bibi we, usitutie aibu!"

Kukataa najua. Kule Liuhua wauzaji wanaonivuta mkono wa blauzi nawaambia "bu yao", sitaki, mpaka wananiachia. Siku ile neno lilikwama. Nilifikiri: nikikataa, Laoban ataudhika, na sandali za Baba ndiyo basi. Nikautoa mwanzi dirishani.

Simba hakummaliza mara moja. Alimpiga kofi, akamwachia, akampiga tena. Kuku alilia sauti ambayo sikujua kuku anayo. Manyoya yakaingia ndani, moja likaniganda mdomoni. Watu walishangilia, na mmoja wao nilikuwa mimi. Nilicheka, mwanangu. Kisha nikagundua kwamba natafuna. Muda wote ule sikuwa nimeacha kutafuna mbegu.

Kwenye gari la kurudi Mama Nassor akashindwa kuvumilia.

"Mie kuku nakula, tena mapaja nayagombania. Lakini kwetu kuku anachinjwa kwa bismillahi, na kisu hakinolewi mbele yake. Huyu tumemfanya ngoma! Na mie na utu uzima wangu nampigia vigelegele."

"Mimi roho ilikataa tangu mwanzo," Baba akasema. "Nilidhani nyinyi mnafurahi."

"Nani? Mie nilikuona wewe wacheka!"

Mama Nassor akamgeukia Laoban, akamuuliza kwa Kichina. Laoban akajibu taratibu, ameweka mkono kifuani. Mama Nassor akatutafsiria, na sauti ilikuwa imemshuka. Laoban mwenyewe hapendi mchezo ule. Mkewe alikuwa amefumba macho tangu simba asogee. Lakini wageni wametoka nchi ya simba, akadhani ndicho watakachopenda.

Baba akauliza polepole, "Na sandali?"

Laoban akashangaa. Sandali zilianza kushonwa tangu Ijumaa.

Katika watu watano, hakuna hata mmoja aliyetaka, na kuku amekufa vile. Nikawafikiria Warumi wangu. Mwanangu, walikuwa binadamu kabisa. Pengine mle uwanjani walikuwamo wengi waliokuwa wakimngoja jirani ainuke kwanza, na msichana mmoja mwenye aibu kama zangu, mkate mdomoni, anamtazama baba yake.

Basi nakuusia. Aibu zetu ni za ukoo, bibi yako anazo, nami sitakulaumu ukizirithi. Lakini siku utakayoshikishwa kitu na roho ikakataa, sema, hata kama sauti inatetemeka na hata kama mimi mwenyewe nimekaa pembeni natabasamu. Tabasamu langu lisikuzuie. Huenda nami nakungoja wewe. Na ukiona wenzako wanashangilia, usiwahesabu kuwa wamekubali. Mwulize mmoja tu.

Mungu akukuze, akupe moyo mwepesi wa kuhurumia na ulimi usiochelewa kama wangu. Na popote watakapokukalisha kutazama, akujaalie uwe wa kwanza kuinuka. Amina.