Kuku Aliyepita Kaburini kwa Babu

Juzi mwenye nyumba wangu hapa Pasua alikuwa anasakafia kibaraza, na harufu ya saruji mbichi ikaingia dirishani. Ni harufu ya baridi, kama jiwe lililonyeshewa. Niliacha sentensi niliyokuwa naandika (nilishaifuta mara nyingi, mnanijua) nikakaa tu. Kwa wengine saruji mbichi hunukia nyumba mpya. Kwangu hunukia kaburi la babu, na hofu.

Nilikuwa darasa la tano. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Desemba hiyo, ukoo ulipopanda mlimani, kijijini kwetu, kwa Krismasi kama desturi yetu, ikaamuliwa kaburi lijengewe. Lilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya migomba na kahawa, limezungushiwa masale, ile mimea ya kuwekea mipaka. Fundi Elirehema alimwaga saruji, akailainisha kwa mwiko mpaka ikang'aa. Kisha akasema mwandiko wake unalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, atafutwe mtu wa kuandika. Macho yote yakanigeukia mimi. Mwandiko mzuri ndicho kitu pekee nilichosifiwa nacho nyumbani. Nikapewa msumari.

Sijui kama mmewahi kuogopa msumari. Kwenye daftari, nikikosea herufi moja, nilikuwa nachana ukurasa mzima. Saruji haina ukurasa wa pili. Tena babu ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu, kwa kijiti, kwenye majivu ya jikoni. Sikutaka alale milele chini ya uongo ulioandikwa kwa mkono wangu.

Jina lake lilitoka vizuri. Ikaja zamu ya "Alizaliwa".

Baba Mkubwa, aliyekuja kutoka Dar na miwani yake ya jua, akatoa kwenye bahasha cheti cha ubatizo cha babu, akausoma mwaka kwa sauti ya mtu anayefunga kikao. "Andika, mama. Karatasi haisahau."

Nikainama. Bibi alikuwa anamenya ndizi za mtori karibu na pale, na nikasikia kisu chake kimesimama.

"Hiyo karatasi ilimjua baba yako lini?" akauliza. "Alibatizwa ana ndevu. Mwinjilisti akamuuliza umezaliwa lini, akasema sijui. Basi akamwambia afungue mdomo, akamtazama meno kama dume la mnadani, akaandika."

"Sasa Mama, wewe unasema mwaka gani?" Baba Mkubwa akamuuliza.

"Mimi? Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilisimuliwa na mama mkwe, na yule mama alikuwa na mkono mzito wa chumvi, kwenye chungu na kwenye maneno."

Watu wakacheka, kila mmoja akataja mwaka wake, na kila mwaka ulikuwa na mwenyewe wa kuutetea. Mimi sikucheka. Fundi aliigusa saruji kwa kidole, akanitazama. "Binti, jua hili halisubiri ukoo."

Mkono wangu ulikuwa umeloa jasho hata msumari ukateleza. Nikauliza, kwa sauti nyembamba kuliko nilivyotaka, "Kwani nani alikuwepo?"

Vichwa vikageuka polepole kuelekea kibarazani, alikokaa Bibi Ndeshi, dada mkubwa wa babu. Alikuwa ameletwa asubuhi kutoka Masama, akapewa supu na kiti cha mto, na hakuna aliyekuwa amemuuliza jambo lolote zaidi ya kama amelala vizuri.

Nikamkimbilia. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza.

"Marahaba. Alizaliwa nzige walipotua," akajibu, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda sokoni. Mama yao aliposhikwa na uchungu, yeye, mtoto mdogo, alifukuzwa nje pamoja na mbuzi. Akasimama mlangoni. Anga likageuka kahawia, nzige wakaishukia migomba mpaka majani yakavunjika kwa uzito. Aliwaokota, akawakaanga kwenye kigae, na alikuwa bado anawatafuna aliposikia mtoto analia ndani. "Alitoka na vidole sita mguu mmoja," akaongeza.

"Vitano!" Bibi akapaza sauti kutoka kwenye ndizi zake. "Miguu ile nimeiosha mimi mpaka siku ya mwisho."

"Wakunga walisema sita."

"Basi ulisikia, wifi. Hukuona."

"Sikuona," Bibi Ndeshi akakubali bila haya. "Nilikuwa nje. Ila nzige niliwaona."

Baba Mkubwa alimtazama shangazi yake, mtu asiyebishiwa, akakirudisha cheti kwenye bahasha. "Nzige kaburini," akaguna. "Haya, andika."

Nikaandika: *Alizaliwa nzige walipotua*. Hakuna herufi iliyopinda. Ndio kwanza nimenyanyuka niitazame kazi yangu, kuku aliyekuwa anakimbizwa kwa ajili ya chakula cha mchana akatokea kwenye migomba, akakatiza juu ya kaburi kutoka kona hadi kona, akiacha alama za miguu. Nililia kama msiba ndio umeanza upya. Fundi alijaribu kufuta, lakini saruji ilikuwa imeanza kushika, haikulainika tena. Bibi akanifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwache," akasema. "Na yeye amesaini."

Kwa miaka mingi nilizionea aibu zile alama za vidole vitatu. Baadaye, nilipoanza kujisomea historia peke yangu, bila mwalimu na kwa woga ule ule, nikakutana na maneno "chanzo cha msingi" na "chanzo cha pili". Nikadhani ni majina ya rafu mbili, karatasi za zamani huku, vitabu vipya kule. Kaburi la babu ndilo lililonirekebisha: swali ni nani aliona na nani aliambiwa. Cheti kile kilikuwa shahidi wa kwanza wa ubatizo, ila kuhusu kuzaliwa kilikuwa kinakisia tu. Bibi Ndeshi alikuwa shahidi wa nzige, ila vidole aliambiwa tu.

Mwezi uliopita binamu yangu aliandika historia ya ukoo kwenye kundi letu la WhatsApp. "Kaburi lenyewe linasema," aliandika kuhusu kuzaliwa kwa babu, kwa uhakika wote. Nilitaka kumjibu, nikaandika, nikafuta. Kaburi halisemi, kaka. Ni mimi niliyesema, nikiwa na miaka kumi na mmoja na msumari unateleza, kama nilivyoambiwa na mtoto aliyekuwa amesimama mlangoni.

Katika yote yaliyo juu ya saruji ile, ni kuku peke yake ambaye hakusimuliwa na mtu: alipita mwenyewe.